Geji ya joto la oili kwenye Kombi: swichi ya presha muiache mahali pake

Swali limetoka Lindi mjini, nalifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Nina Kombi ya Volkswagen ya 1974, injini 1600 ya kupozwa na hewa, kaniachia marehemu baba. Natembea nayo Lindi na Mtwara karibu kila wiki, mara mojamoja Masasi mpaka Newala. Nimenunua geji ya joto la oili, imekuja na sensa ya kuskrubu. Fundi wa hapa anasema tung'oe swichi ya presha ya oili tuweke hiyo sensa maana uzi unaingia sawasawa. Rafiki yangu anasema zipo za kuchomeka badala ya kijiti cha oili. Nifunge wapi, na sindano ikifika ngapi ndo niogope?"

Marahaba mwanangu, na pole ya mzee hata kama ni siku nyingi. Gari ya marehemu haiuziki, naelewa kabisa.

Naanza na hilo la kung'oa swichi maana ndo lenye hatari. Mwambie fundi wako aweke spana chini kwanza. Ile swichi ndogo upande wa kushoto wa injini, karibu na distribyuta, ndo inayowasha taa ya oili kwenye dashibodi. Na taa yenyewe haiwaki mapema, inangoja mpaka presha iwe imekwisha kabisa, chini ya nusu baa, ndo iwake, kwa hiyo ikiwaka uko kwenye mwendo ujue hapo hakuna cha kutafuta kivuli wala kumalizia kona, unazima hapohapo. Sasa mtu anataka akutolee kengele ya mwisho uliyobaki nayo eti kwa sababu uzi umeingia. Ni kweli unaingia, yote miwili ni ya milimita 10, lakini uzi kuingia sio sababu bana.

Watakuja wengine watakwambia basi weka tii, kile kiungio cha matundu matatu chenye umbo la T, swichi ikae huku sensa ikae huku, taa unabaki nayo na geji unapata. Hiyo niliifanya mimi mwenyewe kwa mikono yangu, miaka hiyo bado kijana, gereji yangu ilikuwa ni mwembe na jeki mbili. Mteja alikuwa anafanya biashara ya korosho, ana Kombi nzuri tu, nikamfungia tii. Sindano ikawa inakaa digrii 80. Asubuhi 80, saa saba mchana mwezi wa kumi na mbili 80, na mzigo 80. Tukasifiana pale, mimi nikajiona bingwa. Wiki ya pili kabeba watu wa harusi anapanda Newala kutokea Masasi, injini ikaanza kugonga, kaangalia geji, 80, akaona basi ni petroli mbaya akaendelea kukanyaga, na kabla hajamaliza mlima valvu ya silinda ya tatu ikakatika kichwa ikaenda kutoboa pistoni. Alirudi Mtwara juu ya lori la muhogo. Sikumdai hela ya kazi ile wala sikuwa na uso wa kumdai.

Nilikosea wapi? Pale kwenye tii oili haipiti. Presha inafika ndiyo, lakini oili yenyewe imesimama, ni kama kichochoro kisichotokea upande wa pili, halafu tii yenyewe imejitokeza nje inapigwa upepo, kwa hiyo sensa inapima oili iliyolala wakati ile inayofanya kazi inaungua kwingine. Ndo maana ukiniuliza ikifika ngapi niogope, mimi nakuuliza kwanza sensa iko wapi. 100 ya kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, 100 ya kwenye kijiti na 100 ya kwenye tii ni namba tatu tofauti, hata kama sindano imesimama palepale.

Ukiniambia nitafute mahali pa kweli kabisa pa kupimia, ni chini. Ingia chini ya injini utaona kibati cha mviringo kimeshikwa na nati sita za spana namba 10, ndani yake kuna chujio, na katikati kuna boliti ya kumwagia oili yenye uzi wa milimita 14. Zipo sensa za uzi huohuo zinaingia badala ya boliti, na pale inakaa ndani ya oili yote inayoshuka kutoka kwenye silinda hedi, moto wake halisi. Mtu anayetembea lami tupu ningemwambia weka hapo nikaenda zangu kunywa chai. Lakini wewe umesema Newala. Kombi chini haiko juu sana kama watu wanavyodhani, na sensa inaning'inia chini ya kila kitu pale nyuma, mahali ambapo tairi za mbele zimeshapita na wewe umeshasahau jiwe. Mimi jiwe limeshanivunjia sensa ya namna hiyo njia ya Kitangari, na injini hii inabeba lita mbili na nusu tu za oili, mwanangu, lita mbili na nusu zinaisha kabla hujamaliza kujiuliza hicho kilicholia ni nini. Kilichoniokoa siku ile ni hiyohiyo taa nyekundu ambayo fundi wako anataka kuing'oa.

Ukiamua uweke huko chini hata hivyo, basi tengeneza kingao cha bati nene mbele yake, na angalia urefu wa kichwa cha sensa kabla hujaskrubu maana ndani kuna chujio na bomba la kuvutia oili, sensa ndefu inaenda kugusa hivyo vitu. Na zile nati sita jamani zisikazwe kama nati za tairi. Bodi ya injini hii ni ya magnesiamu, laini, ukikaza kwa hasira stadi, ile boliti iliyosimikwa kwenye bodi, inatoka na uzi wake unabaki umeushika mkononi kama ndizi. Zinataka Nm 7 tu, kitu cha kukaza kwa spana fupi ukitumia kifundo cha mkono, bega lisihusike. Gasketi mpya mbili, washa mpya za shaba, na wale wanaopaka silikoni mpaka inafurika pembeni wajue ile inayofurika pembeni nyingine imefurika ndani, inaganda, inamenyeka, inaenda kuziba palepale kwenye chujio.

Kwa barabara zako mimi nasema kijiti. Rafiki yako yuko sahihi. Ni kijiti cha oili kama kile ulichonacho ila ndani ya ncha kuna sensa na juu kuna mguu wa waya, unachomoa cha zamani unachomeka hicho, hutoboi kitu, huvunji kitu, na siku gari ikiuzwa au geji ikikuchosha unarudisha cha mzee kama kilivyokuwa. Kinakaa ndani, jiwe halikifikii.

Kina tabia zake lakini. Ya kwanza urefu. Vijiti hivi vinauzwa kwa injini nyingi tofauti, kwa hiyo unakilaza sambamba na cha zamani, unaanzia pale kinapokaa kwenye mdomo wa bomba, unalinganisha alama ya juu na alama ya chini, vikipishana hata milimita chache unarekebisha au unajichorea alama mpya kwa msumeno mdogo. Usipofanya hivyo utakuwa unajaza oili kwa kipimo cha gari ya mtu mwingine. Na injini hii ukizidisha oili haipoi zaidi, hilo nalo liachwe, kuna watu wanaweka lita tatu "ili ipate nafasi", inayozidi inachapwachapwa, inatokea kwenye sili, inamwagika kwenye klachi.

Tabia ya pili ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia chuma cha gari. Sensa ya waya mmoja inapata ethi yake kupitia mwili wake, na kijiti kinagusa injini pale kwenye bomba tu, kama bomba lina rangi au lina gamba la oili na vumbi geji itakuwa inadanganya. Piga msasa mdomo wa bomba mpaka chuma king'ae. Tabia ya tatu ndo watu hawaijui: oili ikipungua mpaka ikashuka chini ya ncha ya kijiti, sensa inabaki hewani, na sindano INASHUKA. Kwa hiyo siku unapanda mlima, gari imejaa, jua kali, halafu unaona joto linapungua lenyewe, usimshukuru Mungu mapema, simama pima oili.

Sasa hiyo sensa uliyokwisha kununua. Geji na sensa zinanunuliwa pamoja, zinaenda kwa pea. Sensa hizi ukipima na mita utaona ikiwa baridi ina ohm nyingi, ikipata moto ohm zinashuka, na geji imechorwa kufuata mteremko wa sensa moja maalumu. Iko ya kuishia digrii 120 na iko ya kuishia 150, uzi mmoja, sura moja, ukichanganya sindano inacheza vizuri tu unaona mambo safi kumbe namba zote ni za uongo. Kwa hiyo ukitafuta kijiti nenda na geji yako mkononi, ukiagiza Kariakoo mtumie muuzaji picha ya uso wa geji na mgongo wake, usimwambie "ya Kombi" ukaishia hapo. Angalia pia kama imeandikwa C au F. Kijana mmoja aliniletea gari hapa anatetemeka geji inasoma 210, ni Fahrenheit, hiyo ni kama 99 ya kwetu, gari ilikuwa mzima wa afya. Na iwe ya volti 12.

Kabla hujafunga popote ipime. Hii wengi wanairuka na ndo tamu kuliko zote. Chukua sufuria, chukua la kutupwa maana hili utalipaka oili na mama watoto hatakuelewa, chemsha maji. Weka geji na betri pembeni, mguu wa chanya wa geji kwenye chanya ya betri, hasi kwenye hasi, ule wa sensa unaunganisha na sensa, na mwili wa sensa unaupa waya wako kwenda hasi ya betri. Tumbukiza ncha tu, ule upande wa waya usiloe. Hapa kwetu pwani maji yanachemka kwenye 100, hiyo ni rula ya bure tumepewa. Sindano ikisimama 98 au 102 basi geji yako ni ya kuaminika, ikisimama 85 usiitupe, andika kwenye karatasi kwamba geji yangu inapunguza 15, bandika kwenye dashibodi. Usiende kuipimia Newala tu, kule juu maji yanachemka kabla ya 100, utailaumu geji bure.

Waya ni safari ndefu, injini iko nyuma kabisa na wewe umekaa mbele kabisa, nunua mita sita au saba za waya wa milimita moja au moja na nusu, mmoja mzima, usiunge vipandevipande. Pitisha sambamba na waya za gari zilizopo chini ya bodi, ndani ya hozi, mbali na egzosi na yale maboksi ya hita, kila tundu la bati liwe na raba, na pale kwenye kijiti acha waya ulegee kidogo maana utakuwa unakichomoa kila siku asubuhi kupima oili, unapima kila siku si ndiyo?

Mbele kule unachukua moto kwenye fyuzi inayopata umeme ukifungua swichi tu, usichukue wa moja kwa moja, na weka kafyuzi kadogo ka ampea 2 au 3 katikati. Hapa naomba msomee fundi umeme wako kwa sauti: hii ni gari ya Kijerumani, waya wa KAHAWIA ndo ethi. Mweusi mara nyingi ni moto wa swichi, mwekundu ni moto wa moja kwa moja, kijivu ni taa ndogo. Vijana wetu wamezoea magari ambayo mweusi ni ethi, akija na mazoea yake atapiga shoti kwenye gari ya marehemu. Taa ya geji iunge kwenye kijivu iwake na taa ndogo. Sensa ikiwa na miguu miwili usibahatishe, ulioandikwa G ni wa geji, WK ni wa taa ya onyo.

Ukimaliza fungua swichi, chomoa waya kwenye sensa, sindano ilale chini. Gusisha waya huo kwenye chuma cha injini sekunde moja tu, sindano iruke mpaka mwisho. Imefanya hivyo, waya wako mzima. Na hii ikumbuke baadaye barabarani: sindano ikiruka mwisho ghafla kwa kufumba na kufumbua, hiyo ni shoti, waya umechunika mahali, oili haiwezi kupanda digrii 50 kwa sekunde moja. Sindano ikiwa mvivu, inasoma chini kuliko kawaida, tazama ethi, na sio ya kijiti tu, kuna ule mkanda wa waya uliosukwa unaounganisha giaboksi na bodi, kwenye magari ya umri huu na chumvi ya bahari yetu hii mara nyingi umebaki nyuzi tatu. Huohuo ukichoka hata starta inakuwa goigoi.

Haya sasa namba. Asubuhi ukiwasha sindano haisogei dakika kadhaa, usiipige makofi. Ikishapata moto, kwa kijiti, mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye lami, uiangalie kati ya 80 na 110, wengi mtatulia kwenye 90 na kitu. Kama wewe ni mtu wa sokoni na kurudi nyumbani na haifiki 80 hata siku moja hilo nalo ni tatizo, unyevu wa pwani unabaki ndani ya oili haupati moto wa kuuondoa, fungua kifuniko cha kujazia oili utakuta uji mweupe kama wa ulezi uliotiwa maziwa. Ikipita 110 punguza. Ikigusa 120 hiyo ni kazi, uache kuendesha kwa mazoea. 130 tafuta mwembe.

Kupunguza kwenyewe kuna namna. Feni ya injini hii inazungushwa na injini, injini ikizunguka polepole feni nayo inapuliza polepole. Sasa madereva wengi mlimani wanang'ang'ania gia ya nne, mguu umekanyaga mpaka bati, injini inalia uuuu, hapo unatengeneza moto mwingi na upepo kidogo. Shuka gia ya tatu, legeza mguu, injini izunguke kidogo kwa wepesi, utaona sindano inaanza kurudi yenyewe. Na ukisimama kwa sababu ya joto la kawaida usizime palepale, iache silensa, izunguke yenyewe bila kukanyaga mafuta, dakika moja mbili feni ipulize, ndo uzime. ILA kama taa ya chaji imewaka, hiyo ni habari nyingine kabisa. Mkanda unaozungusha jenereta ndo huohuo unaozungusha feni. Kwenye Corolla mkanda ukikatika unaweza kujikongoja kidogo, kwenye Kombi hakuna upepo hata chembe, zima wakati huohuo hata kama uko katikati ya pori la Mbwemkuru. Kwa hiyo kwenye gari yako kila siku pawe na mkanda wa akiba, spana ya 21 ya nati ya puli na bisibisi ndefu ya kuzuia puli isizunguke. Mkanda ukiubonyeza kwa kidole gumba uingie kama sentimita moja na nusu, ukilegea unatoa shimu moja, ile pete nyembamba ya bati, katikati ya puli unaihamishia nje, usiitupe.

Kitu kingine cha kukwambia kweli, geji hii inapima oili, haipimi silinda hedi. Yule mteja wangu hata ningemfungia geji sahihi inawezekana ingemwambia 115 tu, wakati kule juu valvu inaiva, maana kabureta yake ilikuwa inanyonya hewa kwenye gasketi, mchanganyiko mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, hedi inachemka haraka kuliko oili. Kwa hiyo usikae ukaitumaini geji ukaacha kupima tapeti, ile nafasi ya valvu. Tapeti milimita 0.15, injini ikiwa ya baridi kabisa, imelala usiku mzima, sio "imepoa kidogo". Taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, ipigwe kwa taa sio kwa sikio.

Na sindano ikianza kukaa juu kuliko ulivyoizoea, usikimbilie kununua kiredieta cha oili cha nje, kwanza ufagie. Injini hii inavuta hewa kutoka kwenye yale matundu ya ubavuni nyuma, pita uangalie majani, panya, nyavu za buibui. Ile raba inayozunguka injini kuitenga na joto la chini ipo? Kwenye Kombi nyingi ninazozifungua haipo, imeoza ikatupwa, kwa hiyo feni inavuta tena hewa ileile ya moto iliyotoka kwenye egzosi. Bati za injini zimekamilika? Kila fundi aliyeshusha injini amebakiza kibati kimoja gereji kwake, ananiambia "hizi ni urembo". Hizo ndo redieta yako. Halafu ile redieta ndogo ya oili iliyofichwa nyuma ya boksi la feni, oili ikivuja kidogo na vumbi la Masasi likaja juu yake inatengeneza udongo wa kufinyangia vyungu, hewa haipiti hata kidogo na kwa nje huoni kitu, mpaka uivue. Nimeshazitoa nyingi kwa kijiko. Kuna na vile vifuniko vya hewa vinavyofunguliwa na thamostati, vikikwama vimefunga ujue unaendesha umejifunika blanketi.

Oili weka 20W-50 ya kawaida ya madini kutoka duka unaloliamini, badilisha kila kilomita 5,000, hapo sina maneno mengi.

Safari yako ya kwanza baada ya kufunga fanya hivi. Toka Lindi asubuhi, mpe mtu kalamu, aandike sindano iko ngapi mkifika Mingoyo, ngapi Mikindani, ngapi Mtwara, na hali ya hewa ilikuwaje, na mlikuwa wangapi. Rudi mchana aandike tena. Karatasi hiyo ndo jibu la swali lako la "ngapi niogope", maana kama injini yako kawaida yake Mikindani ni 92 halafu siku moja ni 106 na hakuna mzigo, wewe tayari una ugonjwa hata kama mimi hapa nimekuandikia 110 ni sawa.

Sensa ya kuskrubu usiitupe, siku ukija kufunga kiredieta cha nje itapata tundu lake kwenye hozi, oili inapopita kweli. Na ukishapata kijiti kipya usikate kitu kwanza, ukishuka Mtwara njoo navyo vyote viwili, cha mzee na kipya, tuvilaze mezani tuvilinganishe.